Hati ya wiki moja: je, taimshea ni uwekezaji kwa askari?

Kijana mmoja wa Eldoret, askari wa daraja la E-4, chini tu ya sajenti, katika Jeshi la Marekani, alinipigia simu Jumanne jioni kutoka Virginia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyenunua shamba. "Kaka, nimepata nyumba. Ina hati miliki, na watoto watairithi." Nikamuuliza iko wapi, akasema Williamsburg. Nikamuuliza ataingia lini, akanyamaza kidogo, kisha akasema ni yake wiki moja kila mwaka.

Mimi mwenyewe nilivaa sare ile miaka mingi, na vikao vya kuuziwa taimshea nimeshakaa. Jumamosi yeye na mkewe walialikwa kifungua kinywa cha bure, pamoja na tiketi za kwenda kutembea. Waliambiwa kikao ni dakika 90, wakakaa hadi alasiri. Muuzaji wa kwanza aliwashukuru kwa kulitumikia taifa na kuwaonyesha picha za bwawa la kuogelea. Walipokataa, akaja meneja akiwa na bei mpya aliyoiandika kwa mkono: ya wanajeshi tu, ya leo tu. Mtoto alikuwa ameanza kulia kwa usingizi. Wakatia saini.

Taimshea ni haki ya kutumia chumba au nyumba katika hoteli ya mapumziko kwa muda fulani kila mwaka, ama kwa wiki maalumu, ama kwa pointi ambazo unazibadilisha kwa siku za kulala. Ukinunua mpya kutoka kampuni inayojenga, bei ya kawaida Marekani inapita dola 20,000. Juu yake kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, ambayo kwa wastani imeshapita dola 1,000. Ada hiyo hupanda, na huisamehewi hata usipokanyaga pale.

Kilichomteka kijana yule nadhani ni neno hati. Kwa sisi tuliokulia mahali ambapo hati ya shamba hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kufichwa chini ya nguo sandukuni, mahali ambapo mzazi huiweka rehani mtoto apate karo ya chuo, neno hilo haliingii masikioni kama maneno mengine. Tangu mwaka 2009, jeshi lilipoanza kuwachukua wahamiaji wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, kupitia mpango wa MAVNI (uliosimamishwa mwaka 2016), vijana wengi wa kwetu wameingia kambini na imani hiyo kifuani: chenye hati ni mali. Imani yenyewe haina kosa. Ila shamba hupanda bei kwa sababu ardhi haiongezeki, na wiki za hoteli zinaongezeka kila jengo jipya linaposimama. Tena sehemu kubwa ya bei ya mwanzo ni gharama ya kukutafuta wewe mnunuzi: kamisheni, zawadi, ile chai na mayai ya Jumamosi. Ukitoka mlangoni, fedha hiyo haipo tena ndani ya mali. Ndiyo maana kwenye masoko ya mitumba utakuta wiki zilizonunuliwa kwa maelfu zikitangazwa kwa dola 1, na mwenyewe yuko tayari kulipia hata gharama za kuhamisha jina. Ukiiuza kwa hasara, sheria ya kodi ya Marekani haikuruhusu kuikata hasara hiyo, kwa kuwa ilikuwa mali ya matumizi yako binafsi.

Tuchukue bei ya dola 22,000. Unatanguliza 2,000, na 20,000 unakopeshwa na muuzaji huyohuyo kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 15, riba isiyo ya ajabu katika biashara hii. Kila mwezi utalipa kama dola 323, na mpaka mwisho utakuwa umelipa 38,760. Ongeza ada ya matunzo ya 1,100 kwa mwaka, tujifanye haitapanda. Jumla inafika 51,760. Ukienda miaka yote 10, kila usiku umekugharimu karibu dola 740. Ukikosa miaka mitatu, kila wiki uliyoitumia imekula zaidi ya dola 7,300.

Na askari atakosa. Raia anajua Julai ijayo atakuwa wapi, askari hajui. Likizo ni siku 30 kwa mwaka, lakini unazichukua pale kamanda anapotia saini, na mazoezi au safari ya vita havisubiri wiki yako ya Williamsburg. Uhamisho huja kila baada ya miaka miwili au mitatu, na wiki uliyoinunua kwa kuwa iko mwendo wa saa moja kutoka kambini inageuka safari ya ndege kwa watu watano. Sheria ya SCRA ya mwaka 2003, inayowalinda askari katika mikataba na madeni, inamruhusu askari aliyepata amri ya uhamisho kuvunja mkataba wa nyumba ya kupanga, na katika hali fulani hata wa gari la kukodi la muda mrefu. Hati ya taimshea haimo. Kushusha riba hadi asilimia 6 chini ya sheria hiyo ni kwa deni uliloingia nalo jeshini, si ulilolitia saini ukiwa tayari kazini. Deni hilo likikushinda, linaweza kukugusa hata kwenye kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushughulikia siri za serikali, kwa kuwa madeni yasiyolipwa ni mojawapo ya mambo yanayopimwa.

Hata hivyo, wapo walionunua na hawajutii, na hoja yao ina uzito. Askari wengi hawapumziki. Likizo hurundikana, na kinachozidi siku 60 mwaka wa fedha unapoisha Septemba 30 kwa kawaida hupotea. Wiki iliyokwisha kulipiwa humtoa mtu nyumbani kwa lazima, na mke aliyelea watoto peke yake miezi tisa anaijua thamani ya lazima hiyo. Kuna pia suala la nafasi: familia ya watu watano hotelini huhitaji vyumba viwili na kula nje mara tatu kwa siku, wakati nyumba hizi zina vyumba vya kulala na jiko la kusongea ugali. Mama akija kutoka nyumbani, mnakaa wote chini ya paa moja. Wengine watakutajia Disney Vacation Club, iliyoanza mwaka 1991, ambayo mikataba yake bado huuzwa mitumbani kwa maelfu ya dola. Ni kweli. Lakini nayo ina tarehe ya kufa. Baadhi inakwisha mwaka 2042.

Hoja hizo zote ni za mapumziko, hakuna hata moja ya uwekezaji. Mtu mwenye miaka 20 kazini, ambaye hahamishwi tena, akinunua wiki ya mtumba kwa fedha taslimu na kulipa ada tu, analala kwa kama dola 160 kwa usiku, na sina ugomvi naye. E-4 anayepokea takriban dola 3,000 za mshahara wa msingi kwa mwezi ana mahali bora pa kupeleka 323. Chini ya mfumo wa pensheni ulioanza Januari 2018, baada ya miaka miwili kazini akiweka asilimia 5, yaani dola 150, kwenye TSP, mfuko wa akiba ya uzeeni wa watumishi wa serikali, serikali inamwekea 150 nyingine. Mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na VA, idara ya maveterani, unamruhusu kununua nyumba ya kuishi bila malipo ya awali, na hati yake ni hati kweli. Kupumzika nako jeshi limeshamwandalia hoteli zake: Hale Koa iko ufukweni Waikiki, Hawaii, Shades of Green iko ndani ya Walt Disney World, na bei zao zinafuata cheo. Armed Forces Vacation Club nayo hukodisha wiki zilizobaki wazi kwenye hoteli hizihizi za taimshea kwa dola mia chache, bila deni wala ada ya kila mwaka.

Kijana wangu aliokolewa na kalenda. Virginia humpa mnunuzi siku 7 za kufuta mkataba, Florida 10, Nevada 5. Jumatano alikwenda ofisi ya JAG, wanasheria wa jeshi, ambako askari husomewa mkataba bila malipo, na siku hiyohiyo barua ikaondoka kwa rejista. Ilikuwa na mistari mitatu: jina, namba ya mkataba, nafuta.

Kwa ambaye siku zake zimeshapita, aanze kwa kuiuliza kampuni yenyewe kama ina utaratibu wa kurudishiwa mali. Asimlipe kitu anayepiga simu akidai ana mteja tayari na kinachotakiwa ni "kodi" ya kutanguliza. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zilizofungamana na genge la Jalisco kwa wizi wa namna hiyohiyo, wa kuwawinda wenye taimshea. Simu ya hivyo ikija, ikate, kisha chukua karatasi zako uende JAG.