Baridi ya Andes ndiyo iliyowalisha Wainka

Yakizungumzwa manufaa ya milima ya Andes, Amerika Kusini, kwa Wainka waliotawala huko kabla ya Wahispania, wengi hutaja kwanza ulinzi. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1532 Mhispania Francisco Pizarro alipanda hadi mji wa Cajamarca na wapiganaji wasiofika 200, akamteka mfalme wao, Atahualpa. Mwaka uliofuata alifika Cusco, mji wao mkuu, kwa barabara za Wainka wenyewe.

Faida ilikuwa kwenye mwinuko. Kule Andes, ukiteremka kwa mwendo wa siku chache tu unapita hali za hewa tatu au nne: juu kabisa, kwenye mita 4,000, malisho ya llama na alpaka (mifugo ya jamii ya ngamia), chini yake viazi, kisha mahindi, na mwisho mabonde ya joto yanayoota koka, mmea ambao majani yake hutafunwa. Jamii moja ya ukoo, ayllu, iliweza kuwa na ardhi katika kanda kadhaa. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikiunguza viazi vya juu, mahindi ya bondeni yamesalimika.

Na hiyo jalidi inayoogopwa na kila mkulima, wao waliitia kazini. Mwezi Juni na Julai viazi hutandazwa nje usiku vigande. Jua likitoka vinalainika, watu wanavikanyaga kwa miguu mitupu hadi maji yatoke. Zoezi hilo likirudiwa siku kadhaa, hubaki chuño: viazi vyepesi, vikavu, vigumu kama kokoto, vinavyokaa ghalani miaka na miaka. Peru na Bolivia wanavitengeneza hadi leo. Pwani huwezi kufanya hivyo, maana panatakiwa usiku wa kugandisha na mchana wa jua kali.

Maghala, qullqa, yalijengwa kwenye miteremko inayopigwa na upepo ili chakula kisiharibike. Cotapachi peke yake, karibu na Cochabamba huko Bolivia, palikuwa na maghala yapatayo 2,400. Jeshi lilikula humo, na waliojenga barabara kwa zamu za mit'a, kazi ya lazima kwa dola, walikula humo pia. Bila akiba ile sioni dola ile ingeenea vipi kutoka kusini mwa Kolombia hadi katikati ya Chile.

Ila tusiwape Wainka sifa zote. Kukausha viazi na kujenga matuta ya mawe yanayotunza joto la mchana kuliwatangulia kwa karne nyingi. Watu wa Wari na Tiwanaku, dola za Andes za kabla yao, walikwishafanya kazi kubwa. Katika bonde la Colca, nchini Peru, baadhi ya matuta yaliyojengwa kabla ya Wainka bado yanalimwa.