Mpaka uliofungwa bila karatasi

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, nilimtumia dada yangu wa Tunduma, mpakani na Zambia, ujumbe wa WhatsApp kabla sijaingia zamu. Tiki moja. Jioni, tiki moja. Kesho yake, ileile tiki moja ya kijivu. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima, na kwa siku kadhaa sikujua kama mama yuko salama.

Dada anauza mchele wa Kyela na wa Usangu kwa wateja wa Zambia. Duka lake ni simu. Mteja anataka picha ya mchele ukiwa kiganjani, aone chenga zilivyo, halafu video ya magunia yakipakiwa, ndipo atume advansi. Wiki ile mteja wa Ndola alisubiri, akachoka, akanunua kwingine. Geti la Tunduma liwe wazi au lifungwe, kwa dada biashara ilishafungwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama serikali kuzuia mtandao kunafanana na kuweka kizuizi cha biashara, sina haja ya kuzunguka: ni kizuizi cha biashara. Wakubwa wenyewe wanajua. Mwaka 2016 Marekani iliorodhesha uchujaji wa intaneti wa China kwenye ripoti yake ya vikwazo vya biashara. Antigua na Barbuda, nchi ya visiwa vidogo, iliishitaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani (WTO) kwa kuzuia kamari ya mtandaoni, na mwaka 2005 ikapata ushindi kwa sehemu. Yaani huduma inayopita kwenye waya nayo ina mpaka, na mpaka huo una sheria.

Mimi niko Rotterdam, kwenye ghala la baridi, na parachichi za Njombe na Rungwe zinapita mikononi mwangu. Mzigo ukikataliwa huja na karatasi: kosa ni hili, kifungu ni hiki, rufaa peleka pale. Roho huniuma nikikumbuka jasho la mkulima, lakini mwenye mzigo anajua akabishane na nani.

Kuna watakaonijibu kwamba Ulaya nao wanafunga. Ni kweli. Machi 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku urushaji wa matangazo ya RT na Sputnik, vyombo vya habari vya serikali ya Urusi, na huo ni udhibiti, siupambi. Ila amri ilichapishwa, RT France ikaenda kwenye mahakama ya Umoja huo, Luxembourg, na Julai mwaka huohuo ikashindwa. Ilishindwa baada ya kusikilizwa. Dada yangu angeenda kusikilizwa wapi?

Na hata sisi tunaweza. Aprili 2025 serikali yetu ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kujibu vizuizi walivyotuwekea wao. Sababu ilitangazwa hadharani, watu wa Kasumulu, mpakani na Malawi, wakaijua, pande zikazungumza, na zuio likaondolewa ndani ya siku chache. Mahindi na ndizi vilipata mtu wa kuvisemea. Mtandao ulipozimwa, mfanyabiashara mdogo hakuwa na meza ya kukaa.

Hoja ya usalama naijua, na siidharau. Kanuni za WTO zenyewe zinairuhusu nchi kulinda utulivu na maadili ya umma, mradi hatua iwe ya lazima kweli. Kuuzima mtandao kwa nchi nzima, pamoja na muuza mchele na mgonjwa anayetafuta damu, sioni inapitaje kwenye kipimo hicho.

Hapo ndipo mfano wa forodha unaponiishia. Ushuru ukiwa mkubwa unalipa ukiguna, lori linapita. Ile tiki moja haikuwa na bei. Ningelipa chochote kusikia mama akikohoa tu.

Mtandao uliporudi, ujumbe wa kwanza wa dada ulikuwa picha ya mama barazani, na khanga begani. Wa pili ulikuwa namba ya laini ya simu ya Zambia aliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Anasema akisimama upande wa nyuma wa stoo yake, inashika vizuri.