Homoni na Ubongo: Ushahidi Unafika Wapi?

Je, homoni ndizo zinazoufanya ubongo uwe wa kiume au wa kike? Wapo wanaosema ndivyo, na wapo wanaokana. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, waliwadunga simbilisi (wanyama wadogo wa jamii ya panya) wenye mimba sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Watoto wa kike waliozaliwa, walipokomaa, waliwapanda wenzao kama madume, na hata walipopewa homoni za kike walikuwa wazito kukubali kupandwa. Hapo ndipo ilipozaliwa hoja kwamba homoni za jinsi huupanga ubongo mapema, kisha huuchochea tena baada ya balehe.

Kwa wanyama hoja hiyo ni imara. Kosa ni kuihamisha nzima nzima kwa binadamu. Ndani ya ubongo wa panya, testosteroni hugeuzwa kuwa estrojeni, homoni ya kike, na estrojeni hiyo ndiyo huupa ubongo sura ya kiume. Kwa binadamu njia hiyo haielekei kuwa na uzito uleule, kwani watu wenye kromosomu Y, ile ambayo kwa kawaida huwa kwa wanaume, ambao miili yao haiitikii testosteroni kabisa, ingawa estrojeni inawafikia, kwa kawaida hukua wakijitambua kuwa wanawake.

Ushahidi mzito zaidi kwa binadamu unatoka kwa wasichana ambao tezi zao za adrenali, zilizo juu ya figo, zilizalisha homoni za kiume kupita kiasi wakiwa bado tumboni, hali inayompata takriban mtoto 1 kati ya 15,000. Wengi wao huvutiwa na michezo ya wavulana kuliko dada zao wasio na hali hiyo. Wapo wanaodai kwamba ni malezi tu, lakini utafiti umeonyesha wazazi wakiwahimiza wasichana hao wachezee vitu vya kike. Dai hilo, kwa maoni yangu, halitoshi. Hata hivyo, walio wengi kati yao hujitambua kuwa wasichana.

Upande wa wanaokana una nguvu pale unapotazama ubongo wenyewe. Mwaka 2015 Daphna Joel na wenzake walichambua picha za bongo zaidi ya 1,400, wakakuta ni chache mno zilizo za kiume au za kike katika kila sehemu. Wapinzani wao walijibu kwamba kompyuta, ikizijumlisha sehemu zote, hukisia jinsi ya mtu kwa usahihi mkubwa. Naona pande zote mbili zimesema kweli, ila sehemu kubwa ya usahihi huo hutokana na ukubwa wa ubongo, ambao kwa wanaume huzidi kwa takriban asilimia 11 na huendana na ukubwa wa mwili. Kukisia jinsi ya mtu si kupima akili yake, na mwalimu anayemwondoa msichana kwenye darasa la fizikia kwa kisingizio cha homoni hana hata jaribio moja kati ya haya la kumuunga mkono.