Kiyoyozi au feni ya maji? Tabora si Kigoma

Joto la Tabora lina tabia yake, na mtu anayetaka kununua mashine ya kupoza nyumba aanze kwa kuijua. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijafika, bati huchemka hadi jioni na kipimajoto hupita nyuzi 30. Lakini hewa ni kavu mno: kanga ukiianika, unageuka kidogo tu imeshakauka. Ukavu huo ndio unaopaswa kuamua ununue nini.

Feni ya maji ni boksi lenye tangi, pampu ndogo na feni. Pampu inapandisha maji na kuyamwagia pedi zenye matundu kama masega ya nyuki, feni inavuta hewa kavu kupitia pedi hizo, maji yanageuka mvuke na kuondoka na joto. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa njia hiyohiyo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba takribani kilojuli 2,400 za joto. Kwa hiyo hewa ya nyuzi 33 yenye unyevu wa asilimia 30 ikipita kwenye pedi nzuri inaweza kutoka ikiwa na nyuzi 24 au 25. Chukua sasa hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80: haiwezi kushuka chini ya nyuzi 25 hata kwa pedi bora kabisa, na chumba kinabaki na unyevu unaonata mwilini.

Wapinzani wa feni ya maji husema, basi hiyo ni mashine ya nusu mwaka. Ni kweli. Lakini Tabora mvua zikianza, mwezi wa Novemba hivi, joto lenyewe hupungua. Mashine inachoka wakati ambao haihitajiki sana. Kigoma mambo ni mengine. Mji uko chini zaidi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na nyumba za karibu na maji hupata hewa yenye unyevu zaidi. Huko nisingemshauri mtu anunue feni ya maji kwa sababu tu imemfaa ndugu yake wa Tabora.

Kwenye umeme tofauti ni kubwa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula kama kilowati moja kikifanya kazi. Feni ya maji nyingi za nyumbani hula wati 100 hivi. Saa nane kwa siku, mwezi mzima, kiyoyozi kisichopumzika kinafika yuniti 240, feni ya maji 24. Kiyoyozi cha inveta, kile kinachopunguza kasi chumba kikishapoa, hula pungufu ya hapo, lakini hata kikila nusu, aliye kwenye kundi la matumizi madogo la yuniti 75 kwa mwezi atakuwa ameshatoka, na bei ya kila yuniti inapanda. Umeme ukikatika, feni ya maji inaweza kuendelea kwa betri na sola ndogo. Kiyoyozi kinanyamaza.

Hata hivyo feni ya maji ina masharti, na wauzaji wengi hawayasemi. Dirisha lazima liwe wazi. Ukifunga kama ufanyavyo na kiyoyozi, unyevu unajaa chumbani na baada ya muda unatokwa jasho kuliko mwanzo. Iweke karibu na dirisha ivute hewa ya nje, na ufungue mlango wa upande wa pili hewa itoke. Zile chupa za barafu zinazouzwa pamoja nayo zisikudanganye: kilo moja ya barafu ikiyeyuka hubeba kilojuli 334 tu, kama moja ya saba ya kile kinachobebwa na lita ya maji ikigeuka mvuke. Maji ya chumvi huacha ukoko mweupe kwenye pedi, na tangi lisilosafishwa hutoa harufu. Tena inakunywa maji mengi katika miezi ileile ambayo mabomba ya baadhi ya mitaa hutoa kwa mgao. Kwa mama anayenunua maji kwa dumu, hilo si jambo dogo.

Kuna mahali ambapo sibishani na kiyoyozi. Duka la dawa ni mojawapo, kwa sababu dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30 au 25, tena pakavu, na mashine inayoongeza unyevu haifai kabisa. Chumba cha kompyuta pia. Na mgonjwa ambaye vumbi linamsumbua kifua anahitaji chumba kinachofungwa, maana vumbi la kiangazi cha Tabora likipewa dirisha wazi linaingia.

Kwa nyumba ya kawaida ya Tabora, mimi nachagua feni ya maji, lakini baada ya dari. Bati lisilo na dari hushusha joto moja kwa moja vichwani, na hapo hata kiyoyozi kitahangaika siku nzima huku LUKU ikiisha. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, mwite fundi apige dari, na upande wa jua la jioni panda mwembe.