Jaribio linalosomeka hadi mwaloni

``sangara wa sentimita 49 anarudishwa``

Maneno haya ukiyakuta yamebandikwa kwenye mwalo wowote wa Ziwa Victoria hutashangaa, maana sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi. Mimi nimeyaandika katikati ya msimbo wa programu: ni jina la jaribio, yaani kipande cha msimbo kinachokagua kama programu inajibu sawasawa. F#, lugha ya kuandikia programu tunayoitumia, inaruhusu jina liwe na nafasi ndani yake, mradi ulizungushie vile vialama viwili kila upande. Kwa hiyo badala ya herufi zilizobanana kama abiria wa daladala ya jioni, unaandika Kiswahili cha kawaida.

Programu yenyewe ni ndogo. Inapokea vipimo na uzito wa samaki, inapiga hesabu ya malipo, inatoa risiti. Siku moja nilimwonyesha karani wa mzani, mama wa makamo anayefanya kazi Kirumba, Mwanza, orodha ya majina ya majaribio yetu. Nilitaka tu aone kwamba kazi inakwenda. Akasoma mistari miwili, akavua miwani. "Na wa arobaini na tisa na nusu je?"

Nikarudi kuangalia. Tulikuwa tunaikadiria namba kuwa nzima kwanza ndipo tunalinganisha, na 49.5 ikikadiriwa inakuwa 50. Samaki wa kurudishwa alikuwa anapita, huku majaribio yote yanawaka kijani, rangi ya kusema yamefaulu.

Tangu siku hiyo ofisini kwetu kuna ubishi ambao haujaisha: jaribio liandikwe lisomeke kama sentensi, au liandikwe kama msimbo mwingine wowote, kavu, na anayetaka kulielewa ajifunze lugha?

Wanaotaka sentensi wana hoja, na hoja yao ina nguvu zaidi kwenye lugha za kifanksheni kama F#, zinazojenga programu kwa fanksheni, yaani vipande vinavyopokea kitu na kutoa jibu, kuliko kwingine. Mtindo wa majaribio tunaoufuata wengi ulitokana na kazi ya mwanaprogramu Kent Beck kwenye lugha ya Smalltalk, kisha mwaka 1997 yeye na mwenzake Erich Gamma wakauingiza kwenye lugha ya Java kwa jina la JUnit. Kwenye lugha hizo, kabla hujajaribu chochote, mara nyingi unaandaa jukwaa: tengeneza hiki, unganisha na kile, ukimaliza safisha. Maneno ya maandalizi yanaifunika nia ya jaribio. Fanksheni safi haina mambo hayo. Jibu lake linategemea ulichoipa tu. Haigusi faili wala haisomi saa. Ukiipa 49 leo itajibu kama itakavyojibu kesho. Jaribio linabaki mstari mmoja, na jina zuri juu ya mstari mmoja linatosha kueleza kila kitu.

Lakini jina halikaguliwi na mtu. Kompyuta inakagua mwili wa jaribio. Kichwa unaweza kuandika lolote. Tulikuwa na jaribio lililoitwa ``wavuvi wote wanapata sawa``, na ndani yake lilikuwa na mtumbwi mmoja wenye wavuvi wanne. Hao wanne ndio "wote". Ni daladala yenye kibao cha Igoma inayokushusha Nyegezi, na abiria anayejua Kiswahili ndiye anayepotea zaidi, kwa sababu ameamini kibao.

Kosa la pili ni la ufundi kupita kiasi, na nalisema kwa upole kwa sababu aliyelifanya ni kijana hodari kuliko mimi. Alitunga fanksheni saidizi zipatazo ishirini, akaziunganisha kwa alama ya bomba, inayopitisha jibu la fanksheni moja kwenda kwa inayofuata, hadi jaribio likasomeka hivi: mtumbwi, ukirudi na kilo 30, baada ya mafuta, tajiri apate nusu. (Tajiri ni mwenye mtumbwi.) Ilipendeza kama utenzi. Siku lilipoanguka, ujumbe uliotoka ulikuwa: ilitarajiwa kweli, imepatikana uongo. Uongo upi? Kilo ngapi? Ikabidi tufukue fanksheni moja baada ya nyingine kutafuta ilikopotelea namba. Mgeni aliyejiunga nasi mwezi uliofuata alilazimika kujifunza F#, kisha ajifunze lugha ya kijana iliyokaa juu ya F#. Kwa hili nawaunga mkono wapenda ukavu moja kwa moja. Unquote, maktaba ya msimbo uliokwisha andikwa kwa ajili ya majaribio ya F#, imelielewa tatizo: unaandika mlinganyo wa kawaida, na jaribio likianguka inakuonyesha hesabu hatua kwa hatua mpaka pale pande mbili zilipoachana. Ufasaha wa kosa ni ufasaha pia, na ndio unaohitajika saa tano usiku.

Kuna upande wa tatu, nao ndio unaoniumiza kichwa. Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes, wa Chuo Kikuu cha Chalmers huko Sweden, walitoa chombo cha majaribio kiitwacho QuickCheck kwa ajili ya Haskell, lugha nyingine ya kifanksheni. Hutoi mfano, unataja sharti ambalo lazima lishike daima, na mashine inabuni mifano yenyewe kwa bahati nasibu, kwa kawaida mia moja, ikitafuta wa kukuumbua. F# ina ndugu yake, FsCheck.

Tuliipa FsCheck hesabu yetu ya mgao wa mtumbwi. Kwa tajiri tunayemfanyia kazi, mauzo yanatolewa mafuta na barafu, kinachobaki nusu ni ya tajiri, nusu ni ya wavuvi. Mauzo 260,000, gharama 60,000, wavuvi wanabaki na 100,000. Wakiwa wanne, kila mmoja 25,000, safi kabisa, na ndio mfano tuliokuwa nao. Tukaandika sharti: jumla ya migao iwe sawa na kilichogawiwa. FsCheck haikumaliza hata sekunde. Ikakutana na mfano mbaya, ikaupunguza mpaka udogo wa mwisho, ikasema: shilingi 1, wavuvi 2.

Nilimpelekea karani. Akacheka. Nani anagawana shilingi moja? Nikambadilishia: 100,000, wavuvi watatu, kila mmoja 33,333, jumla 99,999. Hapo hakucheka. "Hiyo moja anabaki nayo nani?" Kisha akanieleza jambo ambalo halikuwa kwenye jaribio lolote wala kwenye karatasi ya makubaliano: wao hawalipani 33,333. Wanalipana 33,300, na mia inayobaki inakwenda kwenye chai.

Sharti lilikamata kosa ambalo mfano wetu usingelikamata, lakini kwa lugha isiyomwambia chochote mtu anayeijua kazi. Mfano ndio uliomfungua mdomo. Na sharti peke yake linadanganyika: fanksheni inayompa mvuvi wa kwanza fedha zote na wenzake sifuri ina jumla iliyo sahihi kabisa. Ilitubidi tuongeze la pili, kwamba migao isitofautiane kwa zaidi ya shilingi moja, na baada ya habari ya chai tukayaandika yote mawili upya.

Kwa hiyo mimi naweka ufasaha kwenye jina na kwenye namba za mfano, mwili nauacha mkavu, na kila sharti nalifuatisha na mfano mmoja wa fedha ambazo mtu anaweza kuzishika. Fanksheni saidizi za kijana tumezifuta karibu zote. Yapo pia majaribio ambayo hatuyaandiki kabisa: F# ikijua hii ni kilo na ile ni sentimita, inakataa kuzijumlisha kabla programu haijaanza kukimbia.

Gharama ya majina ya Kiswahili ipo. Mwenzetu wa nje asiyejua lugha hasomi chochote, na wenyewe tuliwahi kubishana nusu saa kama sangara "anapokelewa" au, kwa kuwa mzani unahesabu kilo, "zinapokelewa". Msimbo wenyewe ulichukua dakika kumi.

Wiki iliyopita karani ameleta swali jingine: sangara aliyekatika mkia anapimwaje? Jina la jaribio tayari tumeliandika, ``sangara aliyekatika mkia``, na limeishia hapo. Kitenzi kinasubiri karani amwone afisa uvuvi.