Hasira ya maji

Wiki iliyopita bomba la mtaani kwetu lilikauka siku nne. Asubuhi ya pili msukuma mkokoteni alifika na bei mpya: dumu la lita 20, ambalo siku zote ni shilingi 200, sasa 500. Jirani yangu, mama wa watoto watatu anayeuza vitumbua, alinunua mawili. La kwanza ni la biashara. La pili ndilo la kunywa, kupika, kuoga na kufua.

Hebu tupige hesabu ya siku za kawaida. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa shilingi 200 kila dumu, mama huyu anatoa 10,000. Mwenye bomba ndani ya geti lake huilipia uniti hiyohiyo sehemu ndogo tu ya hela hizo. Na si maji peke yake: mkaa ananunua wa kopo, mafuta ya kupima, sukari robo.

Halafu gari la matangazo linapita: chemsheni maji ya kunywa! Nilimwona anavyopiga mahesabu yake kimyakimya. Kopo la mkaa lichemshe maji au liivishe maharage? Maharage yakashinda. Msiniambie anahitaji elimu ya afya. Ni yeye aliyeniambia mimi kwamba maji ya mkokoteni si ya kuamini.

Kipindupindu cha Agosti 2015 hapa Dar es Salaam kilianzia Kinondoni. Enzi hizo Kinondoni ilibeba Masaki na Oysterbay za matajiri, ikabeba pia Tandale na Manzese za walalahoi. Manispaa moja, meya mmoja. Wagonjwa walitoka upande gani, wenyeji wa jiji hili hawahitaji kuambiwa.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba shida yetu ni umaskini, nakubali nusu. Nusu nyingine ni pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho. London ilipigwa na kipindupindu mara kadhaa tangu 1832 na wakubwa wakasuasua. Kiangazi cha 1858 mto Thames ukanuka hadi ndani ya Bunge, mapazia yakalowekwa dawa, na sheria ya kujenga mifereji mikubwa ya maji taka ikapita ndani ya wiki chache. Waheshimiwa hawakuwa na pa kukimbilia.

Wetu wanapo. Kisima kirefu, pampu, simtanki la lita 5,000 juu ya mnara, na ya kunywa yanaletwa kwa chupa. Mto Ruvu, unaolisha mabomba ya jiji, ulipopungua Oktoba 2022 na mgao wa maji ukaanza, wako waliousoma kwenye simu tu. Mtu akishajichimbia kisima, hasira yake ya maji inakwisha, na hasira yake ndiyo iliyokuwa na namba ya simu ya mkubwa. Ya mama vitumbua inaishia kwa msukuma mkokoteni.

Siwalaumu sana. Siku ya tatu ya ukame wetu tulikubaliana wapangaji wote twende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukalalamike kwa pamoja. Siku ya nne wanne kati yetu, mimi nikiwamo, tulichanga tukanunua simtanki la lita 1,000. Mama vitumbua hakuwa na mchango. Maji yaliporudi usiku ule tulilijaza mpaka juu, na safari ya kwa mwenyekiti hakuna aliyeikumbusha tena.