Hotuba ya Bafuni

Nimekuwa mhasibu miaka 9, na miaka 7 kati ya hiyo nimekuwa nikiacha kazi. Tatizo ni kwamba nilikuwa naachia bafuni. Nikishajipaka sabuni, ndoo ikawa ndiyo bosi, nilikuwa mwanaume ambaye hamjawahi kumwona: "Mzee, mimi nimefika mwisho. Nataka kushona!" Nikijimwagia maji, ushujaa wote unashuka na povu, natoka hapo naenda kazini kusema "ndiyo mzee" mpaka jioni.

Naam, kushona. Cherehani changu kilikaa chumbani kimefunikwa shuka kama mgonjwa. Wenzangu kazini wakisifia suruali zangu, nasema nimenunua. Aliyejua ukweli ni mke wangu peke yake, naye alishachoka.

"Mtu mzima unamweleza ndoo," aliniambia siku moja kupitia mlangoni. "Hebu jirekodi ujisikilize, labda utaona aibu."

Nikaona wazo si baya. Jumatatu nikafungua WhatsApp ili nijitumie ujumbe mwenyewe. Macho yana sabuni, nimeyafinya kama anayetunga uzi kwenye sindano, na wakati kidole kinashuka, mtu wa masjala akatuma "Habari za asubuhi" kwenye kundi la ofisi. Kundi likaruka juu, likakaa palepale ninapogusa. Mimi sina habari. Nikabonyeza kipaza sauti, nikakisukuma juu kijifunge ili mikono ibaki huru, nikaweka simu dirishani, nikaanza.

Dakika 4 na sekunde 12. Nilisema hesabu naziweza lakini sizipendi. Nilisema siku niliyofurahi zaidi pale ofisini ni siku umeme ulipokatika. Ilipofika zamu ya bosi kunijibu, nikaigiza sauti yake, ile ya puani, pamoja na anavyojikuna kitambi kabla ya kukataa jambo. (Kujikuna hakusikiki kwenye sauti, najua. Nilijikuna hivyohivyo.) Mwishoni nikavuta maji ya choo. Si kwa dharau, ni mazoea tu ya mikono.

Nikatuma. Nikajifuta uso. Nikasoma jina la kundi.

Kuna kufuta kwa wote na kuna kujifutia mwenyewe. Kidole chenye povu kikachagua kujifutia. Tangu Desemba 2022, ukikosea hivyo unapewa sekunde 5 za kutengua, na sekunde 5 kwa mtu aliyetulia ni nyingi mno. Mimi zote nilizitumia kusema "Mama yangu!" Basi, katika ofisi nzima, mtu pekee ambaye hakuwa na hotuba yangu nikawa mimi.

Kundi likanyamaza. Dakika 4 na sekunde kadhaa, nilizihesabu. Kisha yakaanza kuingia.

"Kumbe zile suruali!"

"Mwisho wa hotuba umenigusa sana, hasa maji."

Halafu dada wa manunuzi, ambaye hajawahi kunisalimia: "Nina gauni la kupunguza kiunoni, unapokea?"

Nikamwambia mke wangu nitasema simu imeibiwa. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Mwizi ameiba simu, ameiba na sauti yako, kisha akaja kuvuta choo chetu?"

Nikavaa.

Bosi alikuwa ameiweka simu mezani kama kidhibiti cha mahakamani. "Kaa," akasema, akabonyeza. Hotuba nzima. Hapo ndipo nilipojisikiliza kwa mara ya kwanza, na ushauri wa mke wangu ukatimia: aibu niliiona, na nilikaa nayo kiti kimoja. Ilipofika sehemu ya puani nilichungulia chini ya meza kama pana nafasi. Maji ya choo yalipopita, pakawa kimya.

"Ni kweli haya?"

Nilishafungua mdomo kueleza kwamba ule ulikuwa mzaha, mambo ya vijana. Lakini mdomo wangu una mazoea ya miaka 9. Ukawahi kabla yangu:

"Ndiyo mzee."

Sijui nani alishtuka zaidi kati yetu.

"Kwanza, mimi siongei puani," akasema, kwa puani. "Pili, hicho si barua. Kaandike barua, uweke tarehe na sahihi." Akainuka, akaenda kufunga mlango. Nikajua sasa ndiyo napigwa. Akarudi akiongea chinichini. "Mkanda wa kupimia unao hapo?"

Upo mfukoni mwangu siku zote, sijui kwa nini. Nikautoa.

"Nina suruali 3 hazifungi tena. Fundi wangu ananiharibia. Nishonee mpya, kiuno andika 36."

"Fundi hupima kwanza, mzee."

Akainua mikono, akatazama dari, akavuta pumzi akaifungia kifuani. Nikazungusha mkanda. Inchi 36 ilipita tukiwa bado ubavuni, safari ingali mbichi. Mkanda ulipokutana kitovuni nikasoma, nikarudia kusoma.

"36, siyo?" akauliza, bado anatazama dari, shingo imevimba.

Miaka 9 yote ikanijaa mdomoni, tayari na jibu lake.

"Hapana, mzee," nikasema. "43. Na hapo umebana pumzi."